Jiji Lilimfunga, Jimbo Likamshtaki Tena: Kisa cha Waller na Mahakama za Florida

Tarehe 29 Desemba 1966, kundi la waandamanaji liliingia katika jengo la halmashauri ya jiji la St. Petersburg, Florida, likabandua ukutani mchoro mkubwa wa turubai na kutoka nao nje. Wakaubeba mitaani mpaka polisi walipowazuia. Pakatokea purukushani, polisi wakaupokonya mchoro, lakini ulikuwa umeshaharibika. Aliyewaongoza alikuwa Joseph Waller, kijana wa miaka 25, mzaliwa wa jiji hilohilo.

Mchoro huo ulikuwa kazi ya George Snow Hill. Ulionyesha wazungu wakistarehe ufukweni, na mbele yao wanamuziki Weusi waliochorwa kwa sura za kudhalilisha wakiwatumbuiza. Ulikuwa umetundikwa hapo tangu miaka ya 1940, kwenye ngazi kuu, mahali ambapo kila raia mwenye shida na jiji lake hakuweza kuukwepa. Waller alikuwa ameshaandika kuomba uondolewe, akakataliwa. Baadaye alibadili jina akawa Omali Yeshitela, na kwa jina hilo wasomaji wengi wa Kiswahili watakuwa wamemsikia: ndiye kiongozi wa Vuguvugu la Uhuru, aliyeshtakiwa na serikali ya shirikisho huko Tampa na mwaka 2024 akatiwa hatiani kwa kula njama, huku akiachiwa kwa shtaka la kuwa wakala wa Urusi. Hiyo ni habari nyingine. Hapa nachambua kile ambacho mahakama zilimfanyia baada ya ule mchoro, kwa sababu kisa hicho ndicho kilicholazimisha Marekani nzima kujibu swali ambalo halmashauri na mahakama za majimbo zilikuwa zimelikwepa kwa miongo mingi: jiji likishamwadhibu mtu, je, jimbo linaweza kuanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea?

Kesi ya kwanza ilifunguliwa na jiji. Waller alishtakiwa katika mahakama ya jiji kwa kuvunja sheria ndogo mbili, moja ya kuharibu mali ya jiji na nyingine ya kufanya fujo na kuvuruga amani. Alikutwa na hatia kwa yote mawili, akahukumiwa siku 180 katika jela ya kaunti. Kwa mtu wa kawaida, hapo shauri limekwisha. Kosa limetajwa, hakimu amesikiliza, adhabu imetolewa.

Halikwisha. Mwendesha mashtaka wa jimbo la Florida alifungua hati ya mashtaka mpya, safari hii ya wizi mkubwa, kosa zito la jinai. Jimbo lenyewe halikubisha kwamba mashtaka haya yalijengwa juu ya matendo yaleyale: mchoro uleule, siku ileile, mikono ileile. Kabla kesi ya pili haijaanza kusikilizwa, Waller aliiomba Mahakama ya Juu ya Florida itoe amri ya kuizuia, akisema mtu hawezi kuwekwa hatarini mara mbili kwa kosa moja. Mahakama ilikataa bila kuandika sababu hata moja. Basi akapandishwa kizimbani mbele ya juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, akapatikana na hatia, na kuhukumiwa kifungo cha kati ya miezi sita na miaka mitano, ukitoa siku 170 kati ya zile 180 alizopewa na mahakama ya jiji.

Hizo siku 170 zinastahili kutazamwa kwa makini. Msimamo wa Florida ulikuwa kwamba jiji na jimbo ni mamlaka mbili tofauti, kila moja ikiwa na kosa lake lililokosewa dhidi yake. Kama ni kweli, adhabu ya jiji haiihusu adhabu ya jimbo kwa lolote. Mtu aliyeiba Tampa na kuiba Orlando hapunguziwi kifungo cha Orlando kwa sababu tu alikaa ndani kwa kosa la Tampa. Lakini jaji aliyeketi na kutoa hukumu alipunguza, na alipunguza karibu zote. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ni ushahidi mzito kuliko hoja nyingi zilizoandikwa na mawakili. Jaji alijua, kwa akili ya kawaida tu, kwamba mtu huyu alikuwa anaadhibiwa kwa kitu ambacho tayari alikuwa ameadhibiwa.

Waller akakata rufaa. Mahakama ya rufaa ya Florida ilimjibu kwa lugha iliyonyooka: hata tukichukulia kwamba makosa ya jiji yamo ndani ya kosa la wizi mkubwa, mtu aliyeshtakiwa katika mahakama ya jiji kwa kosa lilelile kabisa bado anaweza kushtakiwa katika mahakama ya jimbo. Hiyo, ikasema, ndiyo sheria ya Florida tangu 1894. Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuigusa.

Ni haki kueleza kwa nini kanuni hiyo ilidumu, maana haikuzuka tu kwa ubaya. Mahakama za miji zilizaliwa kushughulikia mambo madogo: kelele, ulevi wa hadharani, takataka, magari. Kesi zake zilikwenda haraka, mara nyingi bila wakili, na majaji wengi walizichukulia kuwa zipo nusu kwenye jinai na nusu kwenye madai. Hofu yao ilikuwa hii: mtu ampige mwenziwe nusura amuue, asubuhi yake akimbilie mahakama ya jiji, akiri kosa dogo la kupigana, alipe faini, kisha amtazame mwendesha mashtaka wa jimbo usoni na kumwambia nimeshashtakiwa, niache. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini tiba iliyochaguliwa ilikuwa kumfanya raia abebe gharama ya ofisi mbili za serikali moja kushindwa kuzungumza.

Na kulikuwa na nadharia iliyoipa kanuni hii heshima. Marekani inakubali kwamba serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo ni dola mbili, kila moja na chimbuko lake la mamlaka. Mwaka 1922, katika kesi ya pombe haramu iliyotoka jimbo la Washington, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema tendo moja linaweza kuwa kosa mbele ya dola zote mbili. Mwaka 1959 ikaenda mbali zaidi: mtu aliyeachiwa huru na mahakama ya shirikisho kwa wizi wa benki ya Illinois alishtakiwa tena na jimbo kwa wizi huohuo, akafungwa maisha, na hukumu ikabaki. Majimbo kama Florida yaliichukua nadharia hiyo na kuishusha ngazi moja. Kama shirikisho na jimbo vinaweza kumshtaki mtu kila kimoja kwa wakati wake, yakasema, basi jimbo na jiji pia vinaweza.

Hapo ndipo hoja ilipovunjika. Jimbo halikuumbwa na serikali ya shirikisho. Jiji limeumbwa na jimbo. Sheria ya jimbo ndiyo inayolipa mipaka, inayoruhusu halmashauri yake kutunga sheria ndogo, inayoanzisha mahakama yake na kupanga kiwango cha juu cha adhabu. Kwa katiba ya Florida yenyewe, miji huweza kuanzishwa na kuvunjwa kwa sheria ya jimbo. Kitu kinachoweza kuvunjwa na kingine hakiwezi kudai ni dola mbele ya hicho kilichokiumba.

Waller alikuwa pia na bahati ya kalenda. Aliposhtakiwa mara ya pili, kile kifungu cha Marekebisho ya Tano ya Katiba kinachokataza kumweka mtu hatarini mara mbili kilihesabiwa kuibana serikali ya shirikisho peke yake. Majimbo yalikuwa huru kujiamulia, kwa uamuzi wa 1937. Mwezi Juni 1969, katika kesi iliyotoka Maryland, Mahakama ya Juu ya Marekani iliuondoa uamuzi huo na kusema kifungu kinayafunga majimbo pia. Bila hatua hiyo, kesi ya Waller isingekuwa na mlango wa kuingilia.

Basi Waller akafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu yake ilisomwa tarehe 6 Aprili 1970, na aliyeiandika ni Jaji Mkuu Warren Burger, ambaye hakuwa mtu wa kuwapendelea washitakiwa. Iliandikwa kwa ufupi. Aliikumbusha Florida maneno ambayo Mahakama ya Juu ilishayatamka mwaka 1964 katika kesi ya mgawanyo wa viti vya bunge la Alabama: kaunti, miji na migawanyo mingine ya jimbo haijawahi kuhesabiwa kuwa dola, ni vyombo vya chini vilivyoundwa na jimbo kulisaidia kufanya kazi zake. Akaongeza mfano wa 1907 kutoka Ufilipino iliyokuwa chini ya Marekani: askari aliyeachiwa na mahakama ya kijeshi hakuweza kushtakiwa tena na mahakama ya kiraia ya huko, kwa sababu zote mbili zilichota mamlaka kwenye kisima kimoja. Uhusiano wa jiji na jimbo, akasema Burger, unafanana na ule wa eneo linalotawaliwa na serikali ya shirikisho yenyewe, na haufanani na ule wa jimbo na shirikisho. Kwa hiyo nadharia ya dola mbili, ikitumiwa kwa jiji na jimbo, ni kosa. Hukumu ya Florida ikabatilishwa na faili likarudishwa.

Huo ndio ushindi ambao vitabu vya sheria huukumbuka. Ila Burger alikuwa ameuwekea mpaka. Alisema anaamua jambo moja tu, kwa msingi wa ile dhana ya mahakama ya rufaa kwamba makosa ya jiji yamo ndani ya wizi mkubwa. Kama kweli yamo, hilo hakuligusa. Jaji William Brennan, akiungwa mkono na majaji wenzake Douglas na Marshall, alitaka zaidi: mashtaka yote yanayotokana na tukio moja yaunganishwe katika kesi moja, na serikali ikikosa kufanya hivyo mara ya kwanza iwe imepoteza nafasi yake. Kwa kipimo hicho Waller angekwenda nyumbani. Brennan hakupata kura za kutosha, na hadi leo kipimo chake hakijawa sheria ya shirikisho, ingawa majimbo kadhaa yamekichukua kwa hiari.

Kipimo kilichotumika kilikuwa kile ambacho Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiweka mwaka 1932, ambacho huangalia viungo vya kosa. Unaweka makosa mawili mezani na kuuliza: je, kila moja lina kitu cha kuthibitishwa ambacho jingine halina? Likiwa nacho, ni makosa mawili hata kama tendo ni moja. Sasa tazama kilichotokea faili liliporudi. Wizi unahitaji kuchukua mali kwa nia ya kumnyima mwenyewe. Hauhitaji mali iharibike. Uharibifu unahitaji mali iharibike; hauhitaji kuchukua. Fujo inahitaji vurugu. Mwaka 1972 mahakama ya rufaa ya Florida, ileile iliyokuwa imemkatalia mwanzo, ikahitimisha kwamba makosa hayakuwa yaleyale, na hatia ya wizi mkubwa ikabaki palepale.

Nalisoma jambo hili kila mara kwa uchungu. Mtu anapigana hadi mahakama ya mwisho ya nchi yake, anashinda, jina lake linakuwa kanuni inayomlinda kila raia wa kila mji wa Marekani, na yeye mwenyewe halimsaidii. Hadi wapiga kura walipoilegeza kanuni hiyo mwaka 2018, Florida iliwanyima watu waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa haki ya kupiga kura mpaka warejeshewe, na Waller, akiwa sasa ni Yeshitela, alirejeshewa haki zake za kiraia mwaka 2000, chini ya gavana Jeb Bush. Miaka 34 ilikuwa imepita tangu mchoro ubanduliwe.

Siwalaumu majaji wa 1972 kwa kutumia kipimo walichopewa. Lawama yangu naielekeza kwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama iliyoona wazi kwamba Florida ilimwadhibu mtu mara mbili kwa mamlaka moja haikupaswa kuacha swali la pili, lile la kosa ni lipi, liamuliwe na mahakama zilezile zilizokuwa zimekataa kuliona la kwanza.

Waliofaidika walikuwa wengine. Katika mji wa Chattanooga, Tennessee, mshitakiwa mmoja alikuwa amepelekwa mahakama ya jiji kwa mashambulio matatu, akatozwa faini ya dola 50 kwa kila moja. Halafu jimbo likamshtaki kwa mashambulio hayohayo, likiyaita shambulio la kukusudia kuua, na akapewa vifungo vitatu vya miaka mitatu hadi kumi, vya kufuatana. Yote hayo yalitangulia hukumu ya Waller, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kanuni mpya haiwezi kurudi nyuma kumsaidia. Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa msimamo huo. Jaji William Rehnquist aliandika kwamba haki hii haihusu namna kesi inavyoendeshwa; inahusu kama kesi iwepo kabisa. Kanuni inayosema kesi haikupaswa kufunguliwa haiwezi kuwasubiri wanaokuja baadaye tu.

Miaka minne baadaye ikaja kesi ya Ohio inayoonyesha jinsi kanuni inavyofanya kazi ikiwa viungo vya makosa vinapatana. Mtu aliiba gari East Cleveland, akalitumia siku tisa, akakamatwa Wickliffe. Huko alishtakiwa kwa kuendesha gari la mwenzake bila idhini, akakiri, akafungwa siku 30 na kutozwa faini ya dola 100. Alipotoka, alirudishwa East Cleveland kushtakiwa kwa wizi wa gari lilelile. Mahakama ya Juu ikasema hapana: kosa la kwanza limo lote ndani ya la pili, na ukishamhukumu mtu kwa dogo huwezi kurudi kumhukumu kwa kubwa linalolibeba. Mahakama za Ohio zilikuwa zimejaribu kuyatenganisha kwa tarehe, eti siku ya kuiba ni kosa lake na siku ya kukamatwa ni lake. Ujanja huo ulitupwa.

Katika kazi za kila siku, athari ya haya yote ni kubwa kuliko umaarufu wa kisa. Mwendesha mashtaka wa jimbo mwenye akili timamu leo, akiletewa faili la tukio zito, huuliza kwanza kama polisi wa jiji walishamwandikia mshitakiwa hati ya kosa dogo, na kama ipo, huomba ifutwe kabla haijasikilizwa. Wakili wa utetezi naye huuliza swali hilohilo kwa sababu iliyo kinyume. Florida ilikwenda mbali zaidi: wapiga kura waliubadili muundo wa mahakama mwaka 1972, na kuanzia Januari 1977 mahakama za miji hazikuwepo tena, kesi za sheria ndogo husikilizwa na mahakama za kaunti. Mahakama iliyompa Waller siku 180 haipo.

Majimbo mengine yamebaki nazo, na mvutano umehamia kwenye ukubwa wa adhabu. Colorado ndio mfano wa karibuni. Miji yake mikubwa inajitawala kwa hati zake, kwa nguvu ya katiba ya jimbo, na mahakama zake zilikuwa na uwezo wa kumfunga mtu hadi siku 364. Bunge la jimbo lilipopunguza adhabu za makosa madogo mwaka 2021, wizi wa kitu kisichofika dola 300 ukawa na kifungo kisichozidi siku 10 katika mahakama ya jimbo. Kwa hiyo mtu aliyeiba sabuni dukani alikuwa na siku 10 au siku 364 mbele yake, ikitegemea karatasi ipi askari alichomoa mfukoni. Mwishoni mwa 2025 Mahakama ya Juu ya Colorado ilisema hapana: sheria ndogo ikikataza tendo lilelile linalokatazwa na sheria ya jimbo, adhabu ya jiji haiwezi kuzidi ya jimbo. Njia waliyopita ni ya mgongano wa sheria za ngazi mbili, wala si ya kushtakiwa mara mbili, lakini msingi unagusana na wa Burger. Nauona uamuzi huo kuwa sahihi, na nisingeshangaa majimbo mengine yakiulizwa jambo hilohilo.

Lililobaki bila kuguswa ni ngazi ya juu. Mwaka 2019, katika kesi iliyotoka Alabama, mtu aliyekutwa na bastola wakati hakuruhusiwa kuimiliki alifungwa mwaka mmoja na jimbo, kisha akashtakiwa na serikali ya shirikisho kwa bastola ileile. Majaji saba kwa wawili waliithibitisha nadharia ya dola mbili. Waliopinga walikuwa Ruth Bader Ginsburg na Neil Gorsuch, watu ambao mara nyingi hawakukubaliana. Gorsuch aliuliza ni kwa nini raia wa nchi moja ahesabiwe kuwa amewakosea watu wawili tofauti, ilhali dola zote mbili zinadai kusema kwa niaba ya wananchi walewale. Hoja yao haikushinda, na mshitakiwa alibaki gerezani karibu miaka mitatu zaidi.